Tunda Moja, Ndugu Wawili

Hoteli ya Omary pale Miembeni ilianza kukimbiwa na wateja kwa sababu ya kahawa yangu. Kahawa yenyewe haikuwa mbaya. Niliitengeneza jinsi mama yangu alivyonifundisha: unachuma matunda yakiwa bado ya kijani, unayachemsha pamoja na majani ya mujaja na mchaichai, unayaanika juani, halafu unayaweka juu ya moshi mpaka yakauke na kuwa meusi. Hiyo ndiyo akamwani, kahawa ya kutafuna. Mgeni aliyeingia nyumbani kwa Mhaya asipewe akamwani hajakaribishwa bado, hata kama ameshakula ndizi sahani nzima. Nilikuwa naifunga kwa majani makavu ya mgomba, vifurushi vyembamba kama vidole, naipeleka Bukoba kwa basi kutoka kwetu Kamachumu.

Omary alikuwa mtu wa Ujiji. Alianza kama mpishi wa meli ya huku ziwani kwetu, akaizoea Bukoba, siku moja meli ikaondoka yeye akabaki. Alijenga hoteli karibu na kituo cha mabasi. Alipika pilau, alikaanga sato, na alipoona watu wa kwetu wakimaliza kula wanapapasa mifukoni wakitafuta kahawa, akaniambia nimletee. Sokoni watu walinunua kifurushi kimoja kimoja. Omary alichukua mzigo wote, kila wiki.

Na mimi nilikuwa namhitaji. Mume wangu, Clavery, alikuwa amefariki akaniacha na wasichana wawili, mvulana hakuna. Ukoo ulikaa ukasema nibaki kwenye kibanja cha marehemu, shamba lake la migomba, mradi kisiingie magugu. Kikionekana kimenishinda, kitakwenda kwa mdogo wake, Karugendo, nami nitarudi kwa baba yangu. Baba yangu alikuwa ameshazikwa, na kwake kulikuwa na kaka zangu na wake zao. Kupalilia kibanja kizima peke yangu nisingeweza. Niliweka vibarua, na vibarua walilipwa na kahawa ya Omary. Karugendo alikuwa na tabia ya kupita kwangu asubuhi, mikono nyuma, akiangalia chini ya migomba kama mtu aliyedondosha sindano.

"Shemeji, majani yameanza kuota upande wa kule," alikuwa akisema.

"Nimeyaona, shemeji. Kesho watu wanakuja."

"Watu wa kulipwa."

"Ndiyo, wa kulipwa."

"Haya," alikuwa akisema, halafu anaenda zake.

Sasa, mwaka ule baada ya Azimio la Arusha, bwana afya alipita kwenye mahoteli ya Miembeni. Kwa Omary alikuta maganda ya kahawa sakafuni, maana akamwani unaimenya kwa meno, unatafuna punje, ganda unalitupa. Akamwonya. Omary alikuwa mtu wa kuchukua maneno ya serikali kwa uzito. Alikaa akafikiri, na siku nilipofika na mzigo wangu alinipokea mlangoni hata sijautua.

"Mama Celina! Njoo uone. Bwana afya anasema tusafishe. Mwalimu anasema tugawane. Mimi nimefanya yote mawili kwa mara moja."

Alichukua tunda moja la kahawa, akalibana kwa koleo ya baiskeli. Ganda likapasuka, punje mbili zikatoka. Moja akaiweka kwenye kisosi hiki, nyingine kwenye kisosi kile, akavipeleka kwa watu wawili waliokaa meza moja wakitazamana, mmoja dereva wa lori, mwingine mzee aliyekuja mjini kuuza mbuzi. Hawakuwa wanajuana.

"Karibuni," Omary akawaambia, akionyesha kibao kipya ukutani. Kiliandikwa kwa rangi nyekundu: TUNDA MOJA, NDUGU WAWILI.

Dereva akaangalia kisosi chake. Mzee akaangalia chake. Halafu wakaangaliana, kisha kila mmoja akaangalia pembeni.

"Kasinge waitu," mzee alisema. Maana yake ni asante. Akainuka, akasema anamwahi mbuzi wake. Kamba ya mbuzi ilikuwa mkononi mwake, na hapakuwa na mbuzi.

Dereva alishika shavu. "Jino," alisema, naye akatoka.

Omary alibaki ameshika koleo. "Wana haraka watu wa siku hizi," aliniambia.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu walikaa chini, wakachanjwa chale karibu na kitovu, na damu ikapakwa kwenye punje mbili za tunda moja la kahawa. Kila mmoja alitafuna punje yenye damu ya mwenzake. Huo ndio omukago. Tangu siku hiyo huwezi kumnyima mwenzako chakula, huwezi kumfungia mlango, huwezi kugusa kilicho chake. Ukimgeuka tumbo linavimba, na hakuna dawa. Sisi Wakatoliki tulikatazwa na mapadre, Waluteri wakakatazwa na wachungaji wao, na sote tukasema tumeacha. Lakini kuacha ni jambo moja, na kutafuna nusu ya tunda na muuza mbuzi usiyemjua hata ukoo wake ni jambo jingine.

Na kuikataa kahawa ya mwenye nyumba ni kumtukana. Kwa hiyo mtu mwenye adabu alikuwa amebakiwa na njia moja tu: kwenda kula kwa Nathanieli, ng'ambo ya barabara. Pilau ya Nathanieli ilikuwa na vijiwe, lakini haikuwa na undugu.

Hakuna aliyemwambia Omary. Mtu angesema nini? Akisema anaogopa, amekiri kwamba bado anayaamini mambo ambayo kila Jumapili anasema ameyaacha. Tena kile kibao kilikuwa kimesifiwa na kiongozi mmoja wa tawi, mtu wa kutoka Shinyanga, aliyesema kama hoteli zote zingekuwa hivi ujamaa ungefika haraka. Nani alitaka kuonekana anapinga ujamaa kwa sababu ya kahawa?

Safari iliyofuata nilijaribu. Nilisubiri amalize kugeuza samaki.

"Bwana Omary, kahawa hii ni tamu zaidi mtu akiimenya mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Inakuwa na harufu."

"Na maganda, Mama Celina? Bwana afya nimwambie anuse?"

"Na wengine wanapenda wapate punje zote mbili."

"Hiyo ni tamaa. Huo ni ubepari," alisema akicheka. Na mimi nikacheka. Nikamsifia sakafu yake, nikamsifia rangi ya kibao, nikasema kasinge. Nilipokaa kwenye basi kurudi Kamachumu nilijiuliza ni nini hasa nilichomwambia. Sikukumbuka hata neno moja lenye uzito. Yeye aliona nimemsifu, na wiki ile akaanza kuzimenya kahawa zote mapema asubuhi, akizipanga punje mbili mbili kwenye sinia ili kazi iende haraka.

Nilikwenda kwa Ildefons, katekista wetu. Alikuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Wewe ni mwanamume, tena umesoma kuliko mimi," nilimwambia. "Siku ukienda mjini, mwambie yule Mswahili."

"Mimi?" alisema. "Nisimame mbele ya Mwislamu nimwambie Wakatoliki wangu wanaogopa punje ya kahawa? Padre akisikia?"

"Kwani wewe ungeitafuna?"

Alifikiri. "Na nani?"

"Na yeyote."

"Nisingeitafuna," alisema. "Lakini mimi ni kwa sababu ya meno."

Jirani yangu Klaudia nilipomweleza alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Ee waitu! Huyo mtu ataifanya Bukoba nzima kuwa ukoo mmoja! Watoto wetu watamwoa nani?" Alijifuta macho kwa kitenge. Halafu akaacha kucheka. "Lakini wewe ndiye unayeingia jikoni kwake. Watu wanamcheka na wewe unajua. Siku akijua atakuchukia wewe kuliko hao wanaomcheka."

"Nikimwambia ataona namwita mjinga."

"Basi mwache ashindwe, ufungashe virago vyako. Karugendo atakusaidia kubeba."

Klaudia alikuwa na mdomo huo.

Nilipokwenda tena, hotelini palikuwa patupu. Msichana mmoja alikuwa anakunywa chai karibu na mlango, basi. Omary alikuwa hajavaa aproni. Alinivuta jikoni akanionyesha bakuli lililojaa punje za kahawa, zote zimemenywa, hakuna iliyoguswa.

"Tazama. Wanaziacha. Kila mtu ananiambia anaumwa jino. Mwanzoni niliwahurumia, nikanunua na karafuu niwape waweke kwenye jino. Wanazipokea karafuu, wanashukuru, kesho siwaoni." Alichukua punje moja akainusa. "Mama Celina, sisemi kwa ubaya. Labda siku hizi mujaja unazidi. Labda moshi. Safari ijayo lete nusu ya mzigo. Wasipotafuna, basi, tuiache."

Nilikuwa na maneno mengi juu ya moshi wangu, lakini sikuyasema. Nilisema ndiyo, nikaondoka. Njiani nilijua kabisa kwamba nimekubali kosa lisilo langu kwa sababu niliona haya kutaja la kwake.

Nusu ya mzigo ilikuwa nusu ya vibarua. Upande wa chini wa kibanja, kuelekea mtoni, majani yakapata nguvu. Karugendo hakuhitaji kuinama sana kuyaona. Alikwenda kwa mzee Byabato, baba yao mdogo, ambaye neno lake kwenye ukoo lilikuwa la mwisho. Akamwambia kwamba kibanja kinakufa, na kwamba yule mteja wa mjini ambaye shemeji anamtaja kila siku hayupo.

Byabato alikuja kwangu amevaa kanzu na koti. Hakukaa.

"Mke wetu, mteja wako yupo au hayupo?"

"Yupo, tata," nilisema, yaani baba.

"Basi twende tumwone. Mimi, wewe na Karugendo. Nikirudi ukoo utakaa."

Hivyo ndivyo tulivyopanda basi watu watatu. Byabato alikaa mbele na dereva. Karugendo alikaa nyuma yangu, na njia nzima sikugeuka.

Omary alipotuona alifurahi kama mtu aliyepata wageni wa harusi. "Wakwe wa Mama Celina! Wazee wangu! Leo hamlipi!" Alituweka meza ya katikati. Alileta pilau, alileta sato, alileta maji ya kunawa yeye mwenyewe. Byabato alikula taratibu, akaridhika. Nilimwona anaangalia sakafu safi, anaangalia sufuria, anaangalia jinsi mwenye hoteli anavyonijua. Nikaanza kupumua. Karugendo naye aliona hivyo hivyo, kwa hiyo alikula kidogo. Pembeni walikuwepo watu wachache waliokuwa wanasubiri basi la Biharamulo. Walikuwa wameagiza chai tu.

Halafu Omary akaja na koleo.

"Hii ni kahawa yake mwenyewe, aliyoitengeneza kwa mikono yake," alimwambia Byabato.

"Mimi sina meno, mwanangu," Byabato alisema, akafungua mdomo akamwonyesha. Kweli hakuwa nayo.

"Basi hawa wawili. Shemeji na shemeji." Akalibana tunda, tak. Kisosi kimoja mbele ya Karugendo, kimoja mbele yangu. "Tunda moja, ndugu wawili!"

Wale wa Biharamulo wakaacha chai.

Punje ile ilikuwa ndogo, nyeusi, upande mmoja bapa na mstari katikati, kama zote. Nikiiacha, nimemwongezea Omary mtu mwingine wa jino, tena mimi niliyeitengeneza, na mbele ya Byabato. Nikiitafuna, nimeitafuna na Karugendo. Nilijipima. Mimi sikuwa na jambo la kumdhulumu Karugendo. Nikaiweka mdomoni, nikatafuna, nikameza.

Karugendo aliangalia mdomo wangu mpaka nilipomaliza.

"Nawe, bwana," Omary alisema. "Karibu."

"Nina jino," Karugendo alisema.

Omary alikaa kwenye benchi. Hakukasirika. Alikaa kama mtu aliyetembea mbali.

"Hata wewe," alisema. "Wahaya wote mnaumwa meno? Watu wazima, vijana, hata yule polisi ambaye juzi alivunja muwa hapo nje kwa meno yake? Mama Celina, niambie wewe. Kahawa yako ina nini?"

Nilimwangalia Byabato, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Byabato alikuwa anaangalia kibao. Basi nikajua kwamba ni mimi wa kusema.

"Kahawa haina kitu," nilisema. "Shida ni hiyo koleo."

"Koleo?"

"Bwana Omary, pilau yako hakuna anayeifikia hapa Miembeni. Sakafu yako mtu anaweza kulalia. Na ulichotaka, watu wakae pamoja wale pamoja, ni kizuri. Ila umewakutanisha kupita walivyotaka. Kwetu, watu wawili wakigawana tunda moja la kahawa wakatafuna, wanakuwa ndugu wa damu. Ni kiapo. Mtu amekuja kula samaki, wewe unamwapisha na mtu asiyemjua. Akikataa anakutukana, akikubali amejifunga mpaka kufa. Kwa hiyo anaumwa jino."

Aliitazama koleo. Nje basi lilipiga honi na hakuna aliyeinuka.

"Tangu mvua za kwanza," alisema, "mimi nafungisha watu udugu wa damu?"

"Ungewafungisha, kama wangetafuna."

"Na wewe ulijua."

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilikuambia ni tamu mtu akiimenya mwenyewe."

"Huko ndiko kuambiwa?"

"Kwetu ndiko."

"Kwetu Ujiji," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda, "mtu akiwa na majivu usoni tunamwambia, wewe, una majivu usoni! Hatumwambii maji ya kisima leo ni mazuri!"

Nilijua kwamba hapo ndipo ninapompata au ninapompoteza. Nilikuwa nimechoka kuzunguka.

"Basi una majivu usoni," nilisema.

Mwanamke mmoja wa Biharamulo alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Omary aligeuka akamwangalia, akaangalia na wengine, na nafikiri ndipo alipoona ni watu wangapi walikuwa wanajua. Uso wake ulibadilika mara kadhaa. Mimi nilisubiri. Mwisho akapitisha kiganja usoni, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, kama mtu anayefuta majivu kweli, akakitazama kiganja chake.

Halafu akamgeukia Karugendo.

"Kwa hiyo wewe huumwi jino."

Karugendo aliangalia kisosi chake.

"Yeye ametafuna," Omary alisema. "Wewe hukutafuna. Hutaki kuwa ndugu yake?"

Hakuna Mhaya ambaye angeuliza swali lile. Tungelizunguka mwaka mzima. Omary aliuliza kwa sababu alitaka kujua, kama mtu anayetikisa taa aone kama ina mafuta.

"Hayo ni mambo ya kishenzi," Karugendo alisema. "Mimi nimebatizwa."

"Basi si kitu. Tafuna."

"Tena hakuna omukago na mwanamke. Na damu haipo. Bila damu ni bure."

"Basi ni kahawa tu. Tafuna, bwana, nimekukaribisha."

Karugendo aliichukua ile punje. Aliishika kwa vidole viwili. Mzee Byabato alikuwa ameacha kuangalia kibao, sasa anaangalia vidole. Karugendo akafungua mfuko wa koti lake akaitia humo.

"Nitaitafuna njiani," alisema.

Omary aliinuka akaanza kukusanya visosi, na mimi nikamfuata jikoni, maana nilikuwa nimemwambia ubaya bila kumwambia dawa.

"Weka kopo kila meza," nilimwambia. "Kila mtu mpe matunda mazima kwenye kisosi chake, amenye mwenyewe, ganda atie kwenye kopo. Bwana afya akija ataona makopo."

"Makopo ya maziwa ninayo," alisema bila kuniangalia. "Na kibao?"

"Kitoe!" yule mwanamke wa Biharamulo alisema kutoka mezani. Alikuwa anasikiliza.

Omary alipanda juu ya benchi akakitoa mwenyewe. Alikigeuza nyuma, akaona mbao ni safi. Siku nilipokwenda tena kilikuwa kimerudi palepale, upande wa pili, kwa rangi ileile nyekundu: MAGANDA KWENYE KOPO.

Wakati tunaondoka siku ile alinisindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa bado hajanisamehe vizuri, nilimwona.

"Wiki ijayo usilete nusu," alisema. "Lete yote. Na ukiniona tena na majivu..."

"Nitasema."

"Useme siku ileile. Usiniambie habari za harufu."

Watu hawakurudi mara moja. Kwanza alirudi yule polisi wa muwa, akala, akapewa matunda mazima, akamenya, akatafuna, akaenda kuwaambia wenzake. Halafu madereva. Nathanieli alipunguza vijiwe kwenye pilau yake, lakini alikuwa amechelewa.

Ukoo ulikaa nyumbani kwangu. Nilitandika majani mapya chini, nikapika. Karugendo alisema maneno yake yote: majani ya upande wa mtoni, vibarua wa kulipwa, wasichana ambao wataolewa waende. Alisema vizuri, hakutukana mtu. Alipomaliza, Byabato alimwuliza, "Karugendo, ile kahawa uliitafuna njiani?"

"Sikupata nafasi, tata."

"Iko wapi?"

Karugendo alitia mkono kwenye mfuko wa koti. Ilikuwepo, imeshikana na nyuzi za kitambaa.

"Umesema ni kahawa tu," Byabato alisema. "Itafune, halafu tuendelee na habari za kibanja."

Tulisubiri. Mbuzi wa Klaudia alipita nje akila kwenye ua wangu, na hakuna aliyemfukuza. Karugendo aliishika ile punje muda mrefu. Hakuitafuna, na hakuirudisha mfukoni. Mwisho aliiweka chini kwenye majani, mbele ya miguu yake, akasema labda habari za kibanja zisubiri, palizi iishe kwanza.

Zilisubiri. Palizi ile iliisha, zikaja nyingine, vibarua wakarudi upande wa mtoni, na hakuna aliyezitaja tena. Byabato alifariki, Omary akazeeka akauza hoteli akarudi kwao Ujiji. Wasichana wangu waliolewa, na kibanja bado nakaa humo.

Na Karugendo hatukugombana. Alikuwa akipita asubuhi, anasalimia, siku hizo haangalii chini sana. Akiingia ndani nilimpa akamwani kwa mikono miwili, jinsi inavyotakiwa. Nilimpa matunda mazima, ayamenye mwenyewe, nikamwekea na kopo.